Mrejesho: dizeli na umeme wa tanuri la kuchomea maiti

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama tanuri la dizeli litatushinda gharama sisi Wahindu wachache wa mji wetu, maana tumezoea kuni, kilo 400 hadi 500 kwa mwili mmoja. Wiki hii nimeshinda siku nzima kwenye tanuri la wenzetu Nairobi.

Kinachokula mafuta ni kulipasha moto. Chumba cha pili, kile kinachounguza moshi, husubiriwa kifike nyuzi 850 ndipo jeneza liingizwe. Mwili wa kwanza ulichukua saa mbili kasoro. Wa pili ulikuta matofali bado mekundu. Fundi akanichungulisha kwenye kitundu cha mlango, kichomeo kikuu amekizima na mwili unawaka wenyewe. Aliyenishauri tupange mazishi yafuatane siku moja, ahsante sana.

Umeme ndio niliudharau. Feni na vichomeo vyote vinautegemea. Ukikatika katikati, moto unafifia na moshi mweusi unatoka bombani huku wafiwa wamesimama nje. Hilo siwezi kulikubali kabisa. Tunanunua jenereta kwanza, tanuri baadaye.