Mtoto wa miaka 3 anajibwaga chini kila tukitoka, nifanyeje?

Mama J
Habari zenu wapendwa. Nina mtoto wa kiume, miaka 3 na miezi 4. Nyumbani anasikia vizuri tu, shida ni tukitoka. Jumamosi nilikwenda naye Kariakoo kununua sare za dada yake. Akaona magari ya plastiki, akataka, nikamwambia hapana. Akajibwaga katikati ya njia, anagaragara vumbini, mikokoteni inapita, bodaboda zinapiga honi. Nikimwinua anakaza mwili kama gogo. Watu wakajaa: huyu "mchape", yule "mnunulie tu, maskini". Kwa aibu nikanunua. Tulipofika nyumbani nikampiga. Alilala na kwikwi, gari mkononi, na mimi nikalia. Naombeni ushauri, hasa waliopitia.

Mwalimu wa Awali
Pole sana dada. Siku ile alijifunza kwamba akilia mbele za watu, anapata. Kipigo cha jioni hakikumfundisha kitu, umri huo hauunganishi kosa la mchana na fimbo ya baadaye.
Kwanza mtoe njiani, hata akikaza mwili, maana pikipiki hazisubiri. Tafuta kivuli, chuchumaa, mwambie kwa sauti ya chini: "Najua unalitaka gari. Leo hatununui." Kisha nyamaza, kaa naye mpaka atulie. Akiwa amepandwa na hasira, maneno mengi hayaingii. Mara za mwanzo atalia zaidi ya zamani. Wazazi wengi hukubali yaishe hapo, na mtoto anajua kumbe alihitaji kuongeza sauti tu.

Mzee wa Temeke
Mnawadekeza. Kofi moja palepale angenyamaza.

Mwalimu wa Awali
Mzee wangu, angenyamaza kwa woga. Hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataa adhabu kwa mtoto ambaye umri wake haumwezeshi kuelewa anaadhibiwa kwa nini.

Baba Mapacha
Mama J, mlitoka saa ngapi? Alikula?

Mama J
Tulitoka saa 4, tukarudi saa 10. Alikula andazi asubuhi. Mchana hakulala.

Baba Mapacha
Basi nusu ya jibu ni hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, ukiwemo wa mchana. Njaa, jua na usingizi vikikutana, hata mtoto mpole analipuka. Mimi natoka nao mapema, nabeba maji na ndizi. Kabla hatujashuka kwenye daladala nawaambia tunanunua nini na nini hatununui, nao wanarudia.

Bibi wa Tanga
Mwanangu, mimi wanangu niliwachapa. Wajukuu siwachapi, na wananisikia zaidi. Mpe kazi: abebe kimfuko chake, ahesabu nyanya. Na wale wanaokutazama usiwajali, hawakujui wala humjui hata mmoja.

Mama J
Asanteni sana. Jana gengeni alililia juisi kama dakika 10. Sikununua, ingawa mikono ilinitetemeka. Mwishowe akanishika gauni, akasema "mama, twende". Jumamosi narudi Kariakoo kubadilisha sketi ya dada yake. Nimwache au niende naye?

Bibi wa Tanga
Nenda naye. Ila saa 6 iwakute nyumbani, ale, alale.