Familia ya Walatino Houston, kila mmoja na makaratasi yake: matibabu yaanzie wapi?

Karani wa Mapokezi
Wakuu, habari za kazi. Nauliza wanaohudumia wagonjwa Texas, maana Waswahili tuko wengi kwenye kliniki za Houston ambako wagonjwa wametoka Honduras, Guatemala, El Salvador na Mexico. Chukueni familia ya kawaida: baba hana makaratasi (kibali cha kuishi Marekani) na ana kisukari, mama hana makaratasi na ana mimba ya miezi mitano, mtoto wa kwanza kazaliwa hapahapa. Hakuna mwenye bima. Husubiri hali iharibike ndipo wakimbilie emajensi. Tuanze na nani, kwa fomu ipi, na mambo hukwamia wapi?

Mama Fomu
Anza na mama, mimba haisubiri. Texas ina CHIP Perinatal: anayepewa bima ni mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mama kukosa makaratasi hakumzuii. Fomu ni H1010, mtandaoni kwenye tovuti ya jimbo, Your Texas Benefits, au kwa kupiga simu 2-1-1. Inalipia hadi mahudhurio 20 ya kliniki ya wajawazito: kila wiki nne mpaka wiki ya 28, kila wiki mbili au tatu mpaka ya 36, kisha kila wiki. Baada ya kujifungua ni mara mbili tu. Ugonjwa usiohusiana na mimba haulipiwi.

Kinachoumiza watu ni fomu H3038-P. Mama mwenye kipato cha chini hutumiwa kwa posta siku za kujifungua zikikaribia, aipeleke hospitali ijazwe na irudishwe serikalini. Ndiyo inayofungua Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini) ya kulipia uzazi, na ya kichanga kwa miezi 12. Familia ikihama bila kubadilisha anwani, bahasha inapotea: bili ya uzazi inamwangukia mama, na mtoto anafikia chanjo za miezi miwili hana kadi. Ikifika tu, iingie kwenye begi la kwenda kujifungulia.

Mtoto mkubwa ni raia, aombewe Medicaid kwa H1010 hiyohiyo. Wazazi waonyeshe kwamba hawajiombei wenyewe. Asiyejiombea halazimiki kutoa namba ya Social Security wala kueleza hali yake ya uhamiaji. Kipato ndicho lazima. Ila tusiwadanganye: tangu 2025 suala la ICE, askari wa uhamiaji, kupewa taarifa za Medicaid liko mahakamani. Mzazi mwenye hofu aonane kwanza na wakili wa uhamiaji wa msaada wa bure. Kumwambia "usijali" si haki.

Dozi na Bili
Nichukue baba. Sheria ya bima ya 2010 inamzuia kununua bima kwenye soko la serikali hata kwa hela yake mwenyewe. Emajensi inamlinda kwa sheria ya EMTALA ya 1986: lazima apimwe na atulizwe, awe na hela au asiwe nazo. Lakini EMTALA haimpi metformin, dawa yake ya kisukari, ya mwezi ujao.

Aende Harris Health, hospitali na kliniki za umma za kaunti ya Harris, akaombe msaada wa gharama. Wanachoangalia ni makazi ndani ya kaunti na kipato, si viza. Abebe kitambulisho (pasipoti au cha ubalozi mdogo kinafaa), bili ya umeme yenye anwani, na uthibitisho wa kipato. Wanaolipwa taslimu hukwama hapo, kwani mwajiri huogopa kusaini chochote. Na Houston imevuka hadi kaunti ya Fort Bend. Anayeishi upande huo hahesabiki.

Akikosa, aulize kliniki za jamii zenye ruzuku ya serikali kuu kama zitampokea. Aliye chini ya mstari wa umaskini, ambao kwa 2025 ulikuwa dola 32,150 kwa familia ya watu wanne, hulipa kiasi kidogo tu. Punguzo hushuka kwa ngazi mpaka mara mbili ya mstari huo. Aulize mapema kama maabara imo.

Insulini ya binadamu aina ya NPH hupatikana Walmart kwa takriban dola 25 kichupa. Ni ya ukungu, inaviringishwa taratibu viganjani, haitikiswi. Nguvu yake hupanda saa kadhaa baada ya sindano, kwa hiyo ya jioni inaweza kumshusha sukari usiku wa manane. Asihamie kutoka glargine, insulini ya muda mrefu, bila dozi kupangwa upya.

Mkalimani wa Zamu
Msidhani kila Mguatemala anaelewa Kihispania. Wapo wanaosema Mam na K'iche', lugha za Kimaya, na mara nyingi huhitajika wakalimani wawili wa kupokezana, hivyo wekeni nafasi siku kadhaa kabla na ombeni muda mara mbili. Mkalimani ni bure kwa mgonjwa; mtoto asitumike.

Tangu Novemba 2024 hospitali za Texas huuliza uhamiaji kwa amri ya gavana. Mgonjwa anaruhusiwa kukataa kujibu, na matibabu hayabadiliki.

Bili ikifika, hospitali isiyo ya faida lazima ipokee ombi la msaada ndani ya siku 240 tangu bili ya kwanza. Daktari wa emajensi huweza kuleta bili yake pembeni, nayo iulizwe.

Karani wa Mapokezi
Asanteni sana. Na figo za baba zikifeli?

Dozi na Bili
Hapo ndipo panaponiuma. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki. Texas, wengi wasio na makaratasi husubiri potasiamu ipande au maji yajae mapafuni ndipo emajensi iwapokee. Jimbo la Colorado lilibadilisha hilo 2019, Medicaid ya dharura ikaanza kulipia ratiba kamili. Kwa baba huyu, kreatinini ya damu na albumini ya mkojo, vipimo vya figo, zipimwe kila mwaka, na tarehe ijayo apewe kabla hajatoka mapokezi.