1JZ ya oto: toki konveta ya stoli ngapi kwa Chaser ya kila siku?

ChaserDar
Wakuu, naombeni ushauri. Nina Toyota Chaser JZX100, injini 1JZ-GTE VVT-i, giaboksi ya oto ya gia nne. Tabo ya kiwandani nimeitoa, nimefunga kubwa zaidi, na sasa msukumo wake wa hewa unaanza raundi 3,600 hivi. Nikiondoka kwenye mataa gari linajikokota, halafu ghafla linachomoka. Foleni ya Mwenge ni yangu kila siku, na Iringa naenda mara kwa mara. Nimebaki na njia tatu: konveta hii ya zamani (chombo chenye oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi) ifunguliwe na kurekebishwa, ninunue mpya ya stoli 3,500 isiyo na loki (klachi ya ndani inayoifunga konveta isiteleze), au mpya ya 2,800 yenye loki. Hizo mpya bei hazipishani sana. Mngechukua ipi?

FundiGiaboksi
Mkuu, tuanze na stoli yenyewe. Ni raundi za mwisho ambazo injini inafika ukiwa kwenye D, breki umekanyaga mpaka chini na mafuta umekanyaga mpaka chini. Toyota walipata nguvu ya kuzungusha ya 378 Nm kwenye raundi 2,400 tu, kwa hiyo konveta yao ya stoli ndogo iliitosha injini ile. Wewe umehamishia nguvu juu, lakini konveta bado inaibana injini kule chini ambako tabo yako haijaamka. Hapo ndipo gari linapojikokotea.

Na namba ya kwenye boksi usiichukue kama ilivyo. Konveta ileile ukiifunga kwenye injini yenye nguvu zaidi, stoli inapanda. Anayekuuzia asipokuuliza uzito wa gari, uwiano wa difu na raundi ambazo tabo inaanza kusukuma, tafuta mwingine.

Kabla ya kununua, pima uliyonayo. Oili ya giaboksi iwe na joto la nyuzi 50 hadi 80, weka vigingi kwenye matairi, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma, na usizidishe sekunde 5. Ukizidisha unaichemsha oili.

Nyali_1J
Mimi nasema rekebisha ya zamani. Inakatwa kwenye mshono wa welding kwa mashine ya tona (ya kuchonga vyuma), mapezi ya ndani yanabadilishwa pembe, loki inawekewa laini mpya (utando wa msuguano), inafungwa tena. Boliti zinakaa palepale na gharama ni ndogo. Ila muulize fundi kama ana mashine ya kubalansi, na umwombe uione. Konveta ikitikisika inamaliza bushi na sili ya pampu ya mbele, na hapo utashusha giaboksi mara ya pili.

Maskati_JZ
Mimi niko Oman. Gari langu ni la mbio za mstari tu, uwanjani linafika juu ya trela. Nimefunga stoli kubwa isiyo na loki, na kwa kazi hiyo siibadilishi. Ila kaka, kwa safari za Iringa nakusihi usiifunge. Bila loki konveta inateleza muda wote, hata ukiwa umetulia kwenye lami, na mtelezo huo wote unaishia kuwa joto. Niliwahi kuiendesha barabarani wakati wa kiangazi: geji ikagonga nyuzi 120, na oili niliyoitoa ilikuwa ya kahawia, inanuka kama kitu kilichoungua. Ilikuwa mpya, nyekundu kabisa.

FundiGiaboksi
Amesema kweli. Kwenye foleni joto si kubwa kama watu wanavyodhani, maana injini iko sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Linaloua ni mlima. Unapanda Kitonga nyuma ya lori, raundi 2,500, mafuta umekanyaga nusu: kwa konveta ya 3,500 uko chini ya stoli yake muda wote, inakoroga oili tu.

Kwako nachagua 2,800 yenye loki. Usiogope kwamba tabo inaamka 3,600. Unapokanyaga, injini inalemewa, tabo inaanza kujaza, na stoli yenyewe inapanda kuifuata. Hakikisha tu loki ni ya diski zaidi ya moja, maana ya diski moja itateleza kwa nguvu uliyonayo.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Amimine oili kidogo ndani ya konveta kwanza, kisha aisukume huku anaizungusha mpaka izame yote kwenye pampu. Giaboksi ikishakutana na injini, konveta izunguke kwa mkono na ibaki na nafasi ya milimita chache kabla ya kugusa sahani ya flaiwili. Boliti zikianza kuvuta giaboksi ili ikaribie injini, mwambie aache hapohapo. Pampu itapasuka.

ChaserDar
Shukrani sana wakuu, nachukua 2,800. Kula (kipoza) ya oili niiweke kabla ya rejeta au baada?

Maskati_JZ
Baada. Oili itoke giaboksi, ipite kwenye rejeta, iende kwenye kula, ndipo irudi. Iweke mbele ipigwe upepo, na geji ya joto uifunge siku hiyohiyo, kwenye bomba linalotoka giaboksi.