Maabara inasema 4, pampu inasema 15. Nifuate ipi?

Fundi wa visima, Moshi: Wakuu, mchanga tuliotoa kisimani upande wa Kahe nimeupima maabara: upitishaji maji ni mita 4 kwa siku. Tumepiga pampu saa 24, hesabu inatoa 15. Mteja anasubiri, na mimi sielewi.

Jibu: Mbona zote zinaweza kuwa sahihi! Maabara umepima mchanga wa kujaa kopo. Pampu imevuta maji ya eneo zima, na maji hukimbilia vitabaka vya changarawe ambavyo kopo lako halikuvigusa. Halafu, maji uliyapitisha wima? Mchanga wa matabaka hupitisha zaidi kwa mlalo.

Fundi: Wima, ndiyo.

Jibu: Basi hapo sehemu ya tofauti umeipata. Kuchagua pampu ya mteja, shika 15.

Jibu lingine: Ila kama kuna choo jirani, hiyo 15 ni wastani tu, uchafu utawahi kufika kupitia kitabaka kinachopitisha maji haraka. Kule Borden, Kanada, mwaka 1982 walipenyeza maji ya chumvi kwenye mchanga wa chini ya ardhi ili kufuatilia yanavyosambaa, chumvi ikatawanyika kuliko sampuli za maabara zinavyoonyesha. Na mchanga wenyewe ulionekana wa aina moja!

Fundi: Choo kipo, tena upande wa juu. Ngoja nimpigie mteja.