MJADALA: Kila anayemezeshwa kamera ya tumbo akaguliwe pia saratani ya koo?

Mwanzisha mada: Wakuu, salaam. Mwaka 2010 Manabu Muto na wenzake kule Japani walitoa utafiti wa wagonjwa 320 waliopimwa kwa kamera. Mwanga mweupe wa kawaida uliona asilimia 8 tu ya saratani changa za kichwa na shingo, zikiwemo za koo. Mwanga wa buluu na kijani wa kamera hiyohiyo, unaoitwa NBI, ulizinasa zote. Kwa nini hapa Tanzania isiwe lazima? Mpira si unapita kooni hapohapo ukienda tumboni?

Mchangiaji 1: Mkuu, umeruka jambo. Hao 320 wote tayari walikuwa na saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Pombe na sigara zilizoharibu umio zimepita kooni pia, kwa hiyo kukuta ya pili si ajabu. Usiwachanganye na mtu aliyekuja na vidonda vya tumbo. Na kupima kila mtu kuna hasara yake: Korea Kusini walipimana tezi ya shingo kwa altrasaundi kiholela. Kufika 2011 waliokutwa na saratani ya tezi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993, na vifo viko palepale. Watu wakatolewa tezi, sasa wanameza vidonge maisha yao yote.

Nesi wa endoskopi: Niwape ya chumbani kwetu, tunakopima kwa kamera. Mgonjwa akishapuliziwa ganzi, koromeo linapitwa kwa sekunde chache tu, maana anataka kutapika. Kitufe cha NBI kwenye mashine yetu kipo, hakibonyezwi. Ukikibonyeza, damu inanyonya ule mwanga, vimishipa vinaonekana kama vidoa vya kahawia; vikisongamana sehemu moja yenye mpaka, hapo ndipo pa kutilia shaka. Ila jicho ambalo halijafundishwa linaona kahawia kila mahali, hata kwenye koo lenye mafua. Vinyama vinachukuliwa vingi, majibu ya maabara yanasubiriwa, na mtu halali usingizi.

Mwanzisha mada: Ya Korea nimeipokea, lakini saratani nyingi za tezi huenda polepole. Ya koromeo haina subira. Mtu anazunguka na dawa za mafindofindo, anafika hospitali ya saratani ya Ocean Road hata mate hayapiti. Basi tuanze na wenye saratani ya umio, na wanywaji na wavutaji wa miaka mingi.

Mchangiaji 2: Hapo naunga mkono, kwa sharti. Ukiikuta changa, nani ataitoa? Wajapani huichuna juujuu kwa kamera hiyohiyo, shingo haiguswi. Kama hatuna fundi wa kazi hiyo, mgonjwa anaishia kwenye foleni ileile ya mionzi. Mimi ningesomesha watu kwanza.

Nesi wa endoskopi: Nilipo mimi fundi huyo hayupo, kweli. Lakini kwa hao wa hatari, kitufe kinaweza kubonyezwa kesho asubuhi bila bajeti, hata kama wa kuitoa yuko hospitali ya rufaa. Ninachouliza ni kimoja: daktari mmoja, benchi limejaa tangu saa moja, nani anampa hizo dakika za ziada kwa kila koo?