Kujaza gesi ya AC baada ya kubadilisha kondensa: fundi wa mtaani, karakana yenye mashine, au kopo la kujijazia?

Mkazi wa Nyakato
Habari za jioni, wanajukwaa. Gari langu limebadilishwa kondensa (kile kifaa cha mbele kinachopoza gesi ya AC) na sasa linahitaji kujazwa gesi. Fundi wa karibu na nyumbani anataka shilingi 60,000 na anasema kazi haitazidi dakika ishirini. Karakana moja upande wa Igoma, hapa Mwanza, ambayo ina mashine, inataka 150,000 na gari libaki kwao nusu siku. Duka la vipuri nalo linauza makopo yenye mpira na geji ndogo, ambayo ningeweza kujijazia nyumbani kwa fedha pungufu ya hizo zote. Jumatatu ninasafiri na familia kwenda Bukoba, kwa hiyo ni lazima niamue kabla ya Jumamosi. Ninyi mngechagua njia ipi?

Fundi wa Buzuruga
Ndugu yangu, umetaja bei tatu lakini gari hukulitaja. Ni gari gani, la mwaka gani, na lina AC ya mbele peke yake au na ya nyuma pia? Kondensa ni mpya au ya mtumba? Mfumo umekaa wazi siku ngapi tangu mabomba yafunguliwe, na draya (kinyonya unyevu cha mfumo) imebadilishwa? Majibu hayo yanaweza kugeuza ushauri wote utakaopewa hapa.

Dada wa Pasiansi
Mimi ningekwenda kwa fundi wa mtaani bila wasiwasi. Tangu mwaka 2019 nimejaziwa mara mbili na fundi yuleyule, na gari hupoa vizuri hata nikiwa na abiria wanne. Karakana kubwa hutoza jengo na sare kabla ya kutoza kazi.

Jabali la Ziwani
Dada yangu, wewe uliongezewa gesi katika mfumo ambao haukuwahi kufunguliwa. Mwenzetu amefunguliwa mabomba, hewa imeingia, na pamoja na hewa umeingia unyevu, ambao huku kando ya ziwa haukosekani. Unyevu huo ukikutana na gesi na mafuta ya kompresa (kifaa kinachosukuma gesi ndani ya mfumo) hutengeneza asidi inayokula vyuma polepole kutoka ndani, na ukiganda kwenye tundu jembamba la valvu huzuia gesi kupita. Ndiyo sababu pampu ya kuvuta hewa inapaswa kufanya kazi kwa dakika 30 hadi 45 kabla ya gesi yoyote kuingia: presha ikishuka sana, maji huchemka kwa joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Kopo la dukani haliwezi kuifanya kazi hiyo, wala fundi wa dakika ishirini.

Dereva wa Magu
Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu yanafanana na hali hii. Mwaka 2022 bomba la AC la gari langu, Toyota IST, lilitoboka, nikabadilishiwa katika gereji ndogo ambayo jina lake silitaji. Kijana aliyejaza gesi hakuwa na pampu. Alifungua mtungi, akaiacha gesi isukume hewa itokee upande wa pili kwa muda mfupi, kisha akakaza na kujaza mpaka bomba nene likawa la baridi mkononi. Asubuhi ile ubaridi ulikuwa mkali hata mke wangu akaomba nipunguze. Ilipofika saa saba mchana, nikiwa kwenye foleni, ubaridi ulipotea, na kompresa ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Nilirudi kwake mara tatu, naye kila mara aliongeza gesi, jambo ambalo sasa ninajua lilizidisha tatizo, kwa kuwa presha ya upande wa juu ilikuwa tayari imepita kiasi kutokana na hewa iliyobaki ndani. Mwezi wa tatu kompresa ilianza kuunguruma, kisha ikakwama, na mkanda ukanuka kuungua. Fundi aliyeifungua alinionyesha unga mweusi wa chuma uliochanganyika na mafuta, ukiwa umesambaa hadi ndani ya kondensa. Nilinunua kompresa, kondensa, draya na valvu, na mabomba yote yakaoshwa. Gharama ilizidi laki tisa, na hadi leo inaniuma.

Sato wa Kirumba
Pole sana, kaka. Kwa mwenye swali: popote utakapokwenda, simama karibu na geji. Usikubali kuambiwa kwamba hewa imetoka kabla sindano ya geji ya upande wa presha ya chini haijafika inchi 29 za zebaki chini ya sifuri. Ikiishia 26, ujue pampu ni mbovu au pana tundu.

Jabali la Ziwani
Hapo sikubaliani nawe, Sato. Hiyo 29 ni ya pwani. Ziwa letu la Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na geji hupima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje. Kwa kila mita 300 unazopanda, kipimo hupungua kwa karibu inchi moja, kwa hiyo hapa Mwanza hata pampu iliyo nzima kabisa huishia karibu na 26. Ukimlazimisha fundi afike 29, unamlaumu bure.

Sato wa Kirumba
Nimekuelewa, lakini mteja atajuaje kwamba unyevu umekwisha, ikiwa sindano hufika 26 mapema na kusimama hapo?

Jabali la Ziwani
Sindano peke yake haitoshi, ndiyo maana muda unahesabiwa. Baada ya hapo hufungwa koki zote, pampu inazimwa, na watu wanasubiri robo saa. Sindano ikirudi nyuma, ama pana mvujo au bado kuna maji yanayochemka ndani.

Mkazi wa Nyakato
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Gari ni Toyota Noah ya mwaka 2004, yenye AC ya mbele na ya nyuma. Kondensa ni ya mtumba. Mfumo umekaa wazi siku nane, kwa sababu nilisubiri mshahara. Kuhusu draya, fundi aliniambia kwamba imo ndani ya kondensa hiyohiyo.

Fundi wa Buzuruga
Hapa ndipo penye jambo, na ninaliandika kwa uzito. Draya ni punje za kunyonya unyevu. Kondensa ya mtumba iliyokaa dukani bila vizibo ina punje zilizokwisha kushiba maji kabla hujainunua, na wewe umeziongezea siku nane. Zipo kondensa ambazo mfuko wa punje hutolewa kwa kufungua kizibo cha chini. Mwambie fundi aangalie kama yako ni ya namna hiyo. Pili, kondensa ikibadilishwa huongezwa mafuta ya kompresa, kwa kawaida mililita 30 hadi 40, nayo yatoke kwenye chupa ambayo haikuachwa wazi. Tatu, gesi yenyewe ya AC, R134a, hupimwa kwa mizani. Gari la AC ya mbele pekee huchukua mara nyingi karibu gramu 500, lakini lenye AC mbili huzidi hapo sana. Kiasi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, na anayejaza kwa kushika bomba hawezi kukipata.

Mzee wa Nansio
Salaam, wanangu. Mimi nauliza gesi ya zamani ilikwenda wapi kondensa ilipofunguliwa. Kilo moja ya R134a hupasha dunia joto kwa miaka 100 kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa, na nchi zilikubaliana kupunguza gesi za aina hii hapo jirani, Kigali, mwaka 2016. Karakana yenye mashine huinyonya na kuihifadhi, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kulipa zaidi.

Mkazi wa Nyakato
Shikamoo, mzee wangu. Kwa kweli iliachiwa hewani, na sikujua. Nimepita Igoma leo. Mizani wanayo na pampu wanayo, lakini mfuko wa draya hawana. Unaagizwa Dar es Salaam na utafika kwa basi Jumanne. Je, nijaze sasa bila mfuko, au nisafiri bila AC?

Fundi wa Buzuruga
Safiri bila AC. Waambie waweke vizibo kwenye mabomba leo hii.

Dada wa Pasiansi
Safari ya siku nzima na watoto, vioo wazi, vumbi lote la njiani? Ningejaza sasa, kisha nibadilishe mfuko nikirudi.

Jabali la Ziwani
Akifanya hivyo atalipia gesi mara mbili, dada. Mkazi, watoto wana umri gani, na mnatoka saa ngapi?