Maji ya kuzimia moto kijijini: tangi kubwa, bwawa au pampu? Naomba ushauri

Mlinzi wa Bonde (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kamati yetu ya kijiji inazungushana na jambo hili bila kufikia mwafaka. Tuko mbali na kituo cha zimamoto. Hata gari likiondoka mara tu baada ya simu, linakuta nyumba imekwisha. Mabomba tuliyonayo ni membamba, ya matumizi ya nyumbani. Zikifunguliwa koki mbili presha inakufa. Tuna bwawa lisilokauka, ila ukingo wake ni tope tupu na barabara inaishia mbali kidogo.

Wapo wanaotaka tangi moja kubwa katikati ya kijiji. Wengine wanasema tununue pampu ya kubeba, maji si yapo bwawani? Fedha haitoshi vyote viwili. Mngeanza na lipi? Na kwa nyumba moja tu, lita ngapi zinatosha? Moto uliopita uliondoka na nyumba tatu watu wakipokezana ndoo, na sitaki kuona tena jambo hilo.

Mzee wa Mpira

Poleni sana mkuu. Nimefanya kazi ya zimamoto miaka mingi, na swali la kwanza tukifika kijijini halikuwa "maji yapo?" Lilikuwa "gari lisimame wapi?" Bwawa ambalo gari halilifikii halikusaidii.

Kuhusu pampu, wengi hudhani huvuta maji kwa nguvu yake. Sivyo. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Ndiyo maana hata ununue pampu kubwa namna gani, kuna kimo haivuki: kinadharia mita 10 hivi usawa wa bahari, lakini kazini msitegemee zaidi ya mita 6. Nyanda za juu mpunguze tena, karibu mita moja kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo pimeni kimo kutoka uso wa maji hadi pampu itakapokaa, na mpime kiangazi, maji yakiwa chini kabisa. Mpira wa kuvutia nao uwe mgumu. Ule laini unanywea mara hewa inapotolewa.

Nondo na Zege

Mzee kasema kweli. Kwa ukingo wa tope, njia ni kulaza bomba la kudumu. Linachimbiwa ardhini kutoka bwawani hadi kwenye ardhi ngumu kando ya barabara. Upande wa bwawa lina chujio, upande wa barabara linatokeza juu likiwa na kiungio na kifuniko. Halina injini wala umeme, na maji hayasimami kwenye sehemu ya juu. Gari au pampu inafunga mpira pale na kuvuta. Kipenyo cha milimita 150 ndicho hutumika sana, na kona ziwe chache maana kila kona inakula nguvu ya kuvuta.

Chujio likae sentimita 30 hivi juu ya sakafu ya bwawa lisimeze tope, na angalau sentimita 60 chini ya uso wa maji. Likiwa juu zaidi, maji yanafanya kizingia na pampu inameza hewa. Mara kwa mara sukumeni maji kinyumenyume kuondoa majani yaliyonasa.

Jambo moja msilisahau: kabla ya kununua kiungio, waulizeni zimamoto wenu wanatumia cha aina gani. Kisipooana na mipira yao, kazi yote imepotea.

Hesabu Kwanza

Kwenye suala la lita, Marekani wana kiwango cha NFPA 1142 (NFPA ni chama chao cha kitaifa cha kinga ya moto) kinachohusu maeneo yasiyo na mtandao wa mabomba ya zimamoto. Wanapima ujazo wa jengo, aina ya matumizi na ujenzi wake, halafu wanaongeza nusu kukiwa na jengo jirani ndani ya mita 15 hivi. Kwa nyumba ndogo mtaangukia kile kiwango cha chini: galoni 2,000, yaani lita 7,500 na kidogo, kwa nyumba iliyo peke yake, galoni 3,000, zaidi ya lita 11,000, kama ina jirani wa karibu.

Mpira unaotoa lita 250 kwa dakika unamaliza zile 7,500 kwa nusu saa. Kwa ndoo za lita 10 mngehitaji ndoo 25 kila dakika, zote zifike motoni bila kumwagika. Watu wenu hawakuzembea, hesabu ilikuwa imewazidi.

Bi Mkubwa wa Kamati

Mimi napinga tangi moja katikati. Mwenye nyumba ya pembeni atafaidi nini? Bora matangi madogo kadhaa yaliyotawanywa, yakivuna mvua kwenye mapaa ya shule na nyumba za ibada. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likipata milimita 50 ni lita 10,000, toeni kidogo kwa zinazopotea.

Halafu maji ya moto yana adui mkubwa: matumizi ya kila siku. Mkikubaliana kwa maneno tu, kiangazi yataisha. Koki ya matumizi iwekwe juu ubavuni mwa tangi, na ya zimamoto chini kabisa. Maji yaliyo chini ya koki ya juu hayachoteki, basi akiba inajilinda. Na tangi lifunikwe vizuri, mbu wasizaliane humo.

Mlinzi wa Bonde

Asanteni sana. Kwa ninavyoelewa, tuanze na bomba la bwawani na pampu ya kubeba, kisha matangi ya mapaa kidogo kidogo. Gari likija, kuna kingine cha kuandaa?

Mzee wa Mpira

Njia. Lita 10,000 ni tani 10 za maji peke yake, bado gari lenyewe. Angalieni madaraja na mahali pa kugeuzia. Gari la lita 5,000 likitumia dakika 25 kwenda, kujaza, kurudi na kumwaga, linawapa lita 200 tu kwa dakika, kwa hiyo kila dakika mnayookoa njiani ni maji zaidi.

Pampu iwashwe kila mwezi na ivute maji kweli, isiishie kunguruma. Watu kadhaa wajue kuiwasha, ufunguo wa stoo usikae kwa mtu mmoja. Umeme ukatwe kabla ya kumwaga maji, na moto wa mafuta ya kupikia msiumwagie maji kamwe.

Nondo na Zege

Mkishapima kimo cha kiangazi, leta namba hapa mkuu, tukusaidie kuchagua mahali bomba litakapotokea.